Maji Yametoka

Wageni waliambiwa wafike saa mbili na nusu asubuhi kwenye kona ya uchochoro unaoshuka baharini, wavae viatu vya kutembelea na wasisahau kofia. Walifika. Roshani waliyoahidiwa kuionea bahari ilikuwa chini, katikati ya njia, mbao zimevunjikavunjika, na vumbi jeupe la chokaa lilikuwa bado halijatulia. Mwanamume aliyetangulia aliona ufagio kwanza. Kisha akaona mkono ulioushika.

Mkono ulikuwa wa mtembezaji wao. Mtaa wote ulimwita Mama Hatua, kwa kuwa kila msafara aliuanza kwa maneno yale yale: "Hatua ndogo, jamani, hatua ndogo. Mtaa huu haujawahi kukimbia." Alifariki kwenye gari la wagonjwa. Mgeni yule alikuwa amepanda naye, akamshika mkono njia nzima ingawa hata jina lake halisi hakulijua.

Afande aliyekabidhiwa kesi alikuwa mwanamke mtu mzima, inspekta, mwenye tabia ya kutafuta mahali pa kukaa kabla ya kuuliza swali. Lakini asubuhi ile alizunguka kwanza. Nyumba ilikuwa ya zamani, kuta nene za mawe na chokaa, madirisha madogo chini na makubwa juu. Roshani ya mbao ilikuwa imetokeza juu ya uchochoro, na tangu wiki iliyopita ilisimama kwa msaada wa gogo moja refu. Fundi seremala aliliegemeza pale akisubiri boriti mpya, na chini yake akapigilia kabari ili lisiteleze.

Gogo lilikuwa chini ya kifusi. Kabari haikuwepo.

Afande aliiona alipokwisha kata tamaa, alipojiegemeza kwenye kibaraza cha mawe cha nyumba ya mkabala. Ilikuwa chini ya kibaraza hicho, imejibana ukutani, ng'ambo kabisa ya njia. Akaigeuza mkononi. Upande wa unene ulikuwa na alama nyingi za nyundo, kama kabari yoyote iliyopigiliwa. Upande mwembamba nao ulikuwa na alama moja, mbichi, nyuzi za mbao bado nyeupe.

Akaifunga kwenye kitambaa, akaingia ndani.

Shangazi wa marehemu alikuwa uani, kwenye kigoda, kati ya ndoo, madumu, masufuria na hata birika, vyote vimejaa maji pomoni. Wanawake wa jirani walikuwa wamemzunguka.

"Karibu, mwanangu," alimwambia Afande. "Mpeni kiti. Utaniwia radhi kwa ndoo hizi. Bomba lilikuwa kavu siku nyingi, leo asubuhi ndiyo likafunguliwa, kila mtu akakimbilia kukinga. Nilikuwa hapa hapa. Makelele ya ndoo mtaa mzima! Niliposikia kishindo nikadhani jirani kaangusha pipa." Akashika mpini wa ndoo iliyo karibu. "Nikacheka, mwanangu. Nilicheka."

Afande alimwacha alie mpaka akatosheka.

"Juu kulikuwa na nani, Shangazi?"

"Yeye peke yake. Anapanda mapema kufagia, anawawekea wageni viti na maji ya kunywa. Hakuna mgeni aliyewahi kukaa kwenye vumbi la mwanangu."

"Na wewe hukuona mtu, hukuzungumza na mtu?"

"Nani? Labda mdogo wake, huyu wa miwani. Alinipigia simu. Hajanipigia mwezi mzima, leo akanikumbuka, akaniulizia habari ya maji. Ana roho nzuri yule, ni vile tu hawaelewani na dada yake. Tangu wagombane juu ya nyumba hii hata salamu hawapeani." Akafuta macho. "Hawakuwa wanapeana."

* * *

Mdogo wake marehemu alikuwa hospitalini, kwenye benchi la nje ya chumba cha maiti. Watu walimwita Bwana Miwani. Alikuwa na duka la miwani upande wa pili wa mji, mbali na bahari, na hata yeye mwenyewe alivaa miwani minene. Aliivua, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena.

"Pole sana," Afande alisema, akakaa pembeni yake.

"Alitakiwa awe ufukweni," alisema Bwana Miwani. "Saa ile alitakiwa awe ufukweni na wageni wake."

"Ulipata habari wapi?"

"Dukani. Nilipigiwa simu, nikaja hapa moja kwa moja. Nyumbani sijafika. Sina nguvu za kufika." Akaifuta tena miwani. Pindo la shati lake la bluu lilikuwa limepata weupe kidogo, kama unga. "Fundi yuko wapi? Yule aliyeliweka lile gogo?"

"Tunaye kituoni."

"Mzee wa watu," alisema Bwana Miwani kwa sauti ya chini, na Afande akaona ajabu kidogo. Watu wengi mahali pake wangetukana.

* * *

Mkuu wa kituo hakuona haja ya kuchelewa. Nyumba mbovu, gogo limeteleza, fundi mzembe, mtu amekufa. Kesho saa sita mchana fundi angepelekwa mahakamani kwa kosa la kuua kwa uzembe. Mkewe alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi, mimba imemkaa kifuani, viatu amevua kwa sababu miguu imevimba.

Fundi mwenyewe alikuwa mahabusu, amekumbatia chupa ya chai.

"Umeletewa na mkeo?"

"Hapana, Afande. Na Shangazi." Akaitazama chupa kana kwamba imemshinda. "Mimi nimemuulia mtoto, yeye ananiletea chai. Na ameweka sukari nyingi. Anakumbuka ninavyoipenda."

"Kwani umemuulia mtoto?"

"Sijui tena. Nililipima gogo lile mara mbili. Kabari niliipiga mpaka mkono ukaniuma. Lakini mtu amekufa chini ya kazi yangu. Niseme nini?"

"Kabari ikishaingia, unaipiga tena upande mwembamba?"

Fundi alimwangalia kama anayetaniwa. "Upande mwembamba unapigwa ili itoke, Afande."

Afande aliitikia kwa kichwa. Ndivyo alivyodhani. Lakini mkuu wake asingeridhika na kipande cha mbao. Angesema alama hiyo ni ya zamani, au ni ya jiwe lililoanguka. Alihitaji mtu mwenye nyundo.

* * *

Majirani walikuwa na jina tayari. Kulikuwa na mtembezaji mwingine, mwanamume wa makamo aliyeitwa Kofia kwa ajili ya kofia kubwa ya ukindu asiyoivua hata ndani ya nyumba. Alikuwa akigombea wageni na Mama Hatua, na jana yake jioni walisikika wakibishana hapo hapo chini ya roshani.

"Tulibishana, ndiyo," alikiri Kofia. "Nilimwambia aache kupandisha watu kule juu. Akaniambia mimi ni mwoga wa ngazi tangu tuko shule. Ukweli ni huo, naogopa ngazi." Akacheka, kisha akaishusha kofia usoni. "Afande, unajua nani alinifundisha kazi hii? Siku mguu ukimuuma, wageni wake wote ananiletea mimi. Na leo asubuhi nilikuwa kwa mama yangu nabeba ndoo mpaka mgongo ukalia. Muulize mtu yeyote wa mtaa wa nyuma."

Afande aliuliza, na ilikuwa kweli. Lakini kwa kuwa hakuwa na njia nyingine, alimwomba Kofia ampitishe kwenye msafara wa marehemu, hatua kwa hatua.

Kofia alimtembeza vizuri, kwa maneno ya mwenzake. Alimwonyesha jinsi njia zilivyofanywa nyembamba makusudi ili nyumba zitiliane kivuli. Alimgusisha ukuta wa chokaa, unaonyonya unyevu asubuhi na kuutoa mchana, na kando yake ukuta uliopakwa saruji na mtu mwenye haraka, umeshavimba na kumeguka. Alimwonyesha vibaraza ambavyo yeyote aliyechoka ana haki ya kukalia bila kuomba, na akamweleza kwamba mlango ukiwa wazi unapita ukisalimia bila kuchungulia. Mwisho wakafika kwenye ubao mdogo uliopakwa rangi kwa mkono, kwenye kona ambapo misafara huanzia:

MAJI YAKITOKA, TUNAANZIA UFUKWENI.
MAJI YAKIRUDI, TUNAANZIA ROSHANI.

"Ni kupwa na kujaa kwa bahari," alieleza Kofia. "Mwanzo aliandika 'maji yakipwa'. Wageni kutoka bara wakawa wanamuuliza kupwa ni nini, akachoka kueleza, akasema basi, maji yametoka, maji yamerudi. Sisi wote tukaiga. Bahari ikipwa kuna mchanga mpana, na vidimbwi kwenye miamba, samaki wadogo humo, watoto wanafurahi. Ikijaa mawimbi yanafika kwenye ngazi, hakuna pa kukanyaga. Kwa hiyo siku hizo anawaanzia juu."

"Na leo asubuhi?"

"Yalikuwa yamejaa. Hadi ngazi ya tatu. Ndiyo maana alikuwa juu."

"Ukiwa kwenye uchochoro, bahari unaiona?"

"Huioni. Njia inapinda. Mpaka ushuke ufukweni au upande roshani."

Afande alisimama mbele ya ubao muda mrefu. Alitakiwa awe ufukweni, Bwana Miwani alisema. Lakini bahari ilikuwa imejaa. Mtu aliyezaliwa nyumba ile alijua fika kwamba bahari ikijaa dada yake yuko juu. Basi ama alikosea tu kwa uchungu, ama kuna mtu alimwambia uongo.

* * *

Kesho yake asubuhi Afande alirudi. Kwenye kona alimkuta yule mgeni aliyemshika mkono marehemu. Hakuwa amelala, alisema, na alitaka angalau auone ufukwe aliokuwa ameahidiwa. Kofia alikuwa akimwonyesha ubao, akimweleza maana yake, pale dirisha moja la juu lilipofunguliwa na sauti ya mwanamke ikapasua mtaa:

"Maji yametoka! Jamani, maji yametoka!"

Milango ikafunguka yote kwa pamoja. Wanawake walipita mbio na madumu, mzee mmoja akapita na beseni la kuogeshea watoto. Mgeni naye akainama, akavua viatu, akakunja suruali mpaka magotini, akateremka kuelekea baharini. Baada ya muda alirudi, suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Wamesema maji yametoka," alilalamika. "Mbona yamejaa mpaka ngazini?"

Kofia alicheka mpaka akashika ukuta. "Ya bomba, bwana! Ya bomba!"

Afande hakucheka. Alikuwa amesimama wima, kwa sababu alikuwa ameelewa, na alitamani asingeelewa.

* * *

Shangazi alikuwa uani, lakini leo alikuwa hakingi maji. Bomba lilikuwa likimwagika kwenye ndoo iliyokwisha jaa. Afande alilifunga, akakaa kwenye ngazi miguuni pa yule mama.

"Shangazi, ile simu ya mwanao. Nikumbushe mlivyozungumza. Neno kwa neno, kama utaweza."

"Mbona machache. Alinisalimia. Akauliza, 'Shangazi, maji yametoka?' Nikamwambia yametoka, ashukuriwe Mungu. Akaniuliza niko wapi, nikamwambia niko uani. Akasema, 'Kaa huko huko, Shangazi, usipandepande ngazi, magoti yako.' Basi." Alitabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu jana. "Kumbe bado anayakumbuka magoti yangu."

Afande aliinamisha kichwa, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

* * *

Bwana Miwani alifika saa nne, alipoitwa. Afande alimngoja chumba cha juu, mbele ya mlango uliokuwa ukitokea kwenye roshani. Sasa ulitokea hewani. Askari walikuwa wamepigilia ubao mmoja wa kukinga watu, na juu ya ubao huo bahari yote ilionekana, imejaa na kung'aa.

"Kaa," Afande alisema. "Nitasema ninayoyajua, na nikikosea unisahihishe."

Bwana Miwani alikaa.

"Manispaa haiwezi kuruhusu nyumba hii ivunjwe, kwa kuwa ni ya kale. Isipokuwa ikionekana ni hatari. Kuna tajiri anaitaka kwa ajili ya hoteli. Wewe ulikuwa tayari, dada yako hakutaka."

"Hilo kila mtu analijua."

"Ulisema hukufika hapa jana. Ulitoka dukani ukaenda moja kwa moja hospitali. Naomba miwani yako."

Aliivua taratibu, akampa. Afande aliielekeza kwenye mwanga. Kwenye bawaba zake ndogo, pale kitambaa kisipofika, kulikuwa na uji mweupe uliokauka.

"Nimeliona duka lako. Una vitambaa laini kila meza, na jana ulikuwa unafutia shati. Shati likawa jeupe. Hii ni chokaa ya nyumba hii."

Bwana Miwani alinyoosha mkono, akarudishiwa miwani, lakini hakuivaa.

"Kabari tunayo," Afande aliendelea, pole pole. "Ilipigwa upande mwembamba. Watu wote walikuwa kwenye mabomba wanakinga maji, hakuna aliyekuona wala kusikia nyundo. Lakini hukutaka kumuua. Ndiyo sababu ulipiga simu kwanza."

Hapo ndipo mabega yake yalipolegea.

"Nilitaka roshani tu," alisema. "Ianguke tupu. Maofisa waje waone, waandike kwamba nyumba haifai kukaliwa. Dada anakohoa kila msimu wa mvua, Afande. Shangazi magoti yamekwisha kwa ngazi hizi. Nilisema nitawachukua wote wawili nikae nao." Akaigeuza miwani mkononi. "Sitakudanganya. Na mimi nilitaka fungu langu. Nilichoka kungoja. Lakini si yeye. Nilihakikisha! Niliuliza kama maji yametoka, nikaambiwa yametoka. Alitakiwa awe ufukweni. Kwa nini hakwenda? Maisha yake yote hajawahi kubadilisha njia. Tangu jana najiuliza, kwa nini siku hiyo moja tu hakwenda?"

Afande alimwangalia. Angeweza kuyaacha yale maneno yapite. Alikuwa amekwisha kiri. Lakini kituoni kulikuwa na fundi aliyejiuliza swali kama hilo usiku kucha.

"Hakubadilisha," alisema. "Bahari ilikuwa imejaa."

"Shangazi alisema—"

"Shangazi alikuwa uani, amekaa mbele ya bomba."

Alielewa pole pole. Ilionekana ikimpita usoni, kuanzia macho.

"Bomba," alisema.

"Bomba."

"Alisema ashukuriwe Mungu." Sauti yake ilikuwa ya mtoto sasa. "Nilimsikia. Nani anamshukuru Mungu kwa sababu bahari imekupwa? Nilimsikia, na sikusikia." Akajifunika uso. "Na ilipoanguka nilisikia sauti. Nikajiambia ni mbao. Nikakimbia, najiambia ni mbao, ni mbao."

Kwenye mlango wa ngazi kulikuwa na mtu. Afande aligeuka akamwona Shangazi, ameshika ukingo wa ngazi, anahema. Alikuwa amepanda. Hakuna aliyejua amesimama hapo tangu lini.

"Kwa hiyo hakuwa ananiulizia ndoo," alisema.

Afande alitafuta la kumfaa. "Alikuuliza uliko, Shangazi. Alitaka uwe mbali. Hilo lilikuwa kweli."

Yule mama alimtazama mwanawe aliyekuwa amefunika uso. Hakupiga kelele. Alisema kama anayemwonya mtoto aliyesahau jambo dogo:

"Mimi umenipigia kuniuliza niko wapi. Yeye naye simu alikuwa nayo. Ungempigia. Hata kama mlinuniana, ungemuuliza tu: dada, uko wapi? Angekwambia. Angefurahi, hata."

Bwana Miwani alishuka ngazi kati ya askari wawili, na katika ngazi ya mwisho, iliyokuwa imemeguka tangu zamani, alinyoosha mkono nyuma bila kutazama, kama walivyozoeshwa nyumba ile, ili anayemfuata asijikwae.

* * *

Fundi aliachiwa kabla ya saa sita. Hakwenda kwake kwanza. Alikwenda na mkewe kwenye ile nyumba, kurudisha chupa ya chai, ameiosha mwenyewe kwa bomba la kituoni. Alimkuta Shangazi kibarazani pamoja na Afande, aliyekuwa amekuja kuchukua maelezo na hajaandika neno. Maneno yale ya simu ndiyo yangehitajika mahakamani, na ni yule mama ambaye angetakiwa kuyasema, mbele ya mwanawe, neno kwa neno.

"Shangazi, lile pengo la juu," fundi alisema, "nitaliziba. Usiniambie habari ya malipo."

"Usilizibe. Weka kingo nzuri, mtu asianguke. Watu waendelee kuiona bahari." Akamgeukia mke wa fundi. "Na wewe mama, kaa, hapa hapaombwi ruhusa. Nani amekuruhusu usimame na tumbo hilo?"

Mke wa fundi akakaa. Bomba lilikuwa limekauka tena kabla ya adhuhuri. Kisha juu, ng'ambo ya njia, dirisha likafunguka, na sauti ya yule mwanamke wa asubuhi ikaanza, "Maji yame—" ikakatika. Alikuwa ameona nani amekaa chini. Akabaki dirishani, mkono mdomoni.

Mtaa ulikuwa kimya. Nyuma ya milango, watu walikuwa wamesimama na madumu yao.

Shangazi aliinua uso.

"Malizia, mwanangu," alisema. "Watu wana ndoo tupu."